Mungu Anachukia Talaka, Lakini Nani Alisema Ukae Upigwe? Soma Hii Kabla ya Kikao cha Wazee wa Kanisa

Ekwueme unaijua. Hata kama Kiigbo hujui neno moja, hiyo ngoma umeiimba kanisani macho yakiwa yamefungwa. Sauti ya Osinachi Nwachukwu kwenye ule wimbo wa Prospa Ochimana ilitoka Nigeria ikafika mpaka makanisa ya mabati huku Uriri, yale yenye spika moja na kinanda cha kuazima. Tarehe 8 Aprili 2022 Osinachi akafariki Abuja. Baadaye ikatoka stori kwamba mumewe alikuwa anamtesa kwa miaka. Familia yake ilisema walimwambia atoke kwa hiyo ndoa, yeye akawa anawajibu kwamba Mungu hapendi talaka. Aprili 2025 mahakama ya Abuja ikampata mumewe, Peter Nwachukwu, na hatia, ikamhukumu kunyongwa.

Sasa mbona nakupea stori ya Abuja na wewe uko Uriri, labda uko kwa matatu ya kwenda Migori unasoma hii kwa simu? Kwa sababu lile jibu la Osinachi ndilo unalosikia hapa kila siku. Mama akienda kwa pasta na jicho limevimba, anaambiwa avumilie, aombe, ndoa ni msalaba. Mwanamume naye ambaye mke wake amehama na fundi wa pikipiki miaka minne iliyopita anaambiwa akae hivyo hivyo hadi kifo. Wote wawili wanaambiwa ni Biblia imesema. Manze, mimi si padre wala wakili. Lakini hivi vitabu vinasomeka, na ukivisoma unapata kwamba kile kinachofundishwa kwenye vikao vya jioni si kile kilichoandikwa na makanisa yenyewe.

Shida kubwa ni kwamba tunachanganya vitu vinne na kuviita talaka. Kuna kuhama, yaani kutoka kwa nyumba ili uwe salama. Kuna talaka ya kortini, ile ya karatasi na muhuri wa hakimu. Kuna kubatilisha ndoa, ambako kanisa linasema tangu mwanzo hiyo haikuwa ndoa. Halafu kuna kuoa au kuolewa tena. Makanisa mengi yanakaza kamba kwa hiyo ya nne. Kwa hiyo ya kwanza, ya kuhama, karibu yote yanakuruhusu. Rudia hiyo sentensi polepole, kwa sababu watu wengi wa kanisani hawajawahi kuambiwa.

Tuanze na Yesu mwenyewe, kwenye Mathayo 19, mahali ambapo kila mhubiri hukimbilia. Swali aliloulizwa siku hiyo halikuwa la mama aliyepigwa. Lilikuwa la wanaume waliotaka kujua kama jamaa anaweza kumuacha mke wake kwa sababu yoyote ile. Wakati huo Wayahudi walikuwa na kambi mbili za walimu. Kambi ya Shamai ilikuwa inasema mke aachwe kwa uchafu wa zinaa tu. Kambi ya Hileli ilikuwa inasema hata akiunguza chakula inatosha. Fikiria hiyo: ugali ishike chini ya sufuria na uandikiwe barua uende kwenu. Na ile barua, inayotoka Kumbukumbu 24, ilikuwa inaandikwa na mwanamume. Mwanamke aliyefukuzwa hakuwa na shamba, hakuwa na mshahara, na mara nyingi hakuwa na pa kwenda.

Yesu akakataa huo mchezo. Akawarudisha mwanzo kabisa, kwa Adamu na Hawa, akasema Musa aliruhusu barua kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Kisha akaacha mlango mmoja, zinaa. Kwa Marko 10 na Luka 16 huo mlango hautajwi, na hapo ndipo makanisa yameanza kutofautiana mpaka leo. Lakini angalia aliyekuwa anakingwa pale. Ni mke ambaye angetupwa nje kama nguo ya zamani. Sasa fundisho lililowekwa kuzuia wanaume wasiwatupe wake zao limegeuzwa kuwa kufuli la kuwafungia ndani na mtu anayewavunja mbavu. Mimi naona huo ni ugeuzi mbaya kuliko hata ule wa Hileli.

Halafu Paulo. Kwa 1 Wakorintho 7 anasema mke asimwache mumewe. Wahubiri wengi husimama hapo, wanafunga Biblia, wanaitisha sadaka. Ukiendelea na mstari unaofuata tu, Paulo anaongeza kwamba mke akiwa ameondoka, akae bila kuolewa au apatane na mumewe. Hajamwita mwenye dhambi, na hajaamuru arudishwe kwa lazima. Anajua kuna wanawake watatoka, anawaambia wafanye nini wakishatoka. Mbele kidogo, mstari wa 15, anasema asiyeamini akiondoka mwache aondoke, aliyebaki hajafungwa. Kwa hivyo hata Paulo, ambaye hakuna mtu anamshuku kuwa mlegevu, ana sura nzima ya ndoa zilizovunjika.

Na ule mstari wa Malaki 2:16, ambao ni maarufu kuliko yote? Wenye kuusoma husoma nusu. Nusu ya pili, vile Biblia yetu ya Kiswahili imeutafsiri, inamgeukia mwanamume anayejifunika udhalimu kama nguo, na Mungu anasema huyo pia anamchukia. Wasomi wa Kiebrania wanabishana kuhusu tafsiri ya huo mstari, ni mgumu. Lakini ukitaka kuutumia kwa kikao, basi usome wote, na umwangalie mwanamume usoni unapofika hapo mwisho.

Sasa twende kwa makanisa yenyewe, kwa sababu Uriri si kanisa moja. Ukitoka Rapogi kwa Wakatoliki, ukapita kwa Waadventista ambao Jumamosi barabara yote ni yao, ukasikia ngoma za Legio Maria upande ule, na kila soko lina makanisa ya Kipentekoste kama manne hivi, unaelewa mbona watu wawili wa boma moja wanaweza kupewa majibu mawili tofauti.

Wakatoliki wa hapa wako chini ya Jimbo la Homa Bay, lililoundwa 1993. Msimamo wao ndio mkali zaidi kwa karatasi: ndoa halali ya wabatizwa wawili, ikishakamilika, haivunjwi na mtu yeyote isipokuwa kifo. Hata Papa hawezi. Watu wakisikia hivyo wanadhani mambo yameishia hapo. Hayajaishia. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1153, inasema mmoja akiwa hatari kubwa kwa mwili au roho ya mwenzake au ya watoto, au akifanya maisha ya pamoja yawe magumu kupita kiasi, mwenzake ana sababu halali ya kuondoka. Kawaida anapitia kwa askofu. Lakini kama kungoja ni hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hakuna barua ya padre, wala kikao, wala ruhusa ya mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Ndoa inabaki, nyumba ndiyo inahamwa, na sababu ikiisha wanatarajiwa kurudiana.

Kuna zaidi. Katekisimu yao, namba 2383, inasema talaka ya kortini inaweza kuvumiliwa kama ndiyo njia pekee ya kulinda haki, watoto au urithi. Na mtu aliyeachwa bila kosa lake, na hajaolewa tena, hajazuiwa Komunyo. Hapa wamama wengi wameumia bure. Wamekaa kwa benchi la nyuma miaka kumi wakidhani wametengwa, kumbe kinachozuia ni kuishi na mtu mwingine kama mume na mke wakati ndoa ya kwanza bado ipo. Papa Francis mwenyewe, kwa waraka wake wa 2016 kuhusu familia, Amoris Laetitia, alisema kuna wakati kutengana hakuepukiki, na wakati mwingine ni wajibu, hasa pale mnyonge au watoto wanapoumizwa.

Kubatilisha nako si talaka kwa mlango wa nyuma, ingawa watu hutania hivyo. Mahakama ya jimbo inaangalia ile siku ya kiapo: je, ulilazimishwa? Ulidanganywa kwa jambo kubwa? Mmoja wenu alikuwa na akili timamu ya kubeba huo mzigo? Tangu Desemba 2015 haihitajiki tena mahakama ya pili kuthibitisha kila uamuzi, kwa hivyo njia imefupishwa. Na kwa wale wanaouliza, watoto hawageuki kuwa haramu ndoa ikibatilishwa. Sheria ya Kanisa inasema hivyo wazi.

Waadventista wamekuwa Nyanza Kusini tangu 1906, walipotua Gendia karibu na Kendu Bay, na wana Mwongozo wa Kanisa ambao kila mzee wa kanisa anatakiwa kuujua. Unakubali talaka na kuoa tena kwa aliyesalitiwa, yaani zinaa, na unataja pia kuachwa na mwenza asiyeamini. Kwa mambo mengine msimamo ni kwamba ndoa haijafunguka. Lakini mwongozo huo huo unasema kuna ndoa zinazoharibika mpaka ni afadhali watengane, na kama nchi ina sheria ambayo inalinda usalama, watoto na mali kupitia talaka pekee, hiyo talaka hailaaniwi. Utakachonyimwa ni kuolewa tena kanisani wakati mwenzako hajaanguka. Kwa hivyo mzee wa kanisa akikuambia utafutwa ushirika kwa sababu umekimbia panga, muombe akuonyeshe ukurasa.

Legio Maria na makanisa ya Roho ni mambo tofauti kidogo. Legio ilizaliwa huku huku Nyanza Kusini mwanzo wa miaka ya 60 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, ikajitoa kwa Wakatoliki, na mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko hapa hapa kaunti ya Migori. Wao waliwapokea wanaume wa wake wengi bila kuwaambia wafukuze mtu. Ndiyo moja ya sababu watu walijaa. Na hapa kuna kichekesho chungu cha historia: makanisa ya wamishonari, yaliyokuwa yanahubiri kwamba talaka ni dhambi, ndiyo yalikuwa yanamwambia mzee wa wake watatu abaki na mmoja ndipo abatizwe. Hao wawili waliofukuzwa waliambiwa nini? Waanglikana walikuja kuligundua hilo, na mwaka wa 1988, kwa mkutano wao mkuu wa Lambeth, wakakubali mzee kama huyo abatizwe na wake zake wote, mradi asiongeze mwingine. Kwa hivyo makanisa hubadilika, polepole, yakiona yameumiza watu.

Kwa Wapentekoste inategemea pasta. Kuna wale wako sawa kabisa, wanakusindikiza mpaka hospitali. Kuna wale watakuambia pepo la talaka limekuingia. Sina la kuongeza hapo.

Sasa kabla hujaanza kuuliza kama unaweza kupata talaka, kuna swali ambalo huku kwetu linapaswa kuja kwanza: una ndoa gani? Wengi Uriri hawajui. Harusi ya kanisani chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 ni ile iliyofungishwa na mhudumu mwenye leseni ya serikali, na ukapewa cheti. Kama pasta aliwaombea tu Jumapili moja mbele ya watu, mkakata keki, mkapigwa picha, na cheti hakuna, hiyo ni baraka. Kisheria ndoa yenu inaweza kuwa ya kimila, kama ayie ilienda kwa mama mkwe na ng'ombe wakafuata. Na kama hakuna ng'ombe wala cheti, ni come-we-stay. Hiyo korti inaweza kuichukulia kuwa ndoa, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikaza masharti, ikasema hilo ni jambo la nadra na lazima lithibitishwe. Kukaa pamoja miaka mingi peke yake hakutoshi.

Mbona hiyo ni muhimu? Kwa sababu ndoa ya Kikristo, kisheria, ni ya mke mmoja. Jamaa aliyefunga harusi kanisani halafu akaleta nyieka kwa njia ya mila, hajaoa mke wa pili. Amezini, na huyo wa pili sheria haimtambui kama mke. Nimeona wamama wakiambiwa na mashemeji kwamba ni mila, wamkaribishe mwenzao, wampikie chai. Ndoa ya cheti haina hiyo nafasi. Kwa upande mwingine, kama yako ni ya kimila, sheria inaihesabu kuwa inaweza kuwa na wake wengi, na hilo peke yake halikupi kesi ile ile.

Kwa ndoa ya Kikristo, kifungu cha 65 cha hiyo sheria kinataja sababu za talaka: zinaa, ukatili wa mwili au wa akili kwako au kwa watoto, kutelekezwa kwa angalau miaka 3, tabia potovu kupita kiasi, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Hiyo ya mwisho haikuwa kwa sheria za zamani. Zamani ilibidi mmoja athibitishwe kuwa mkosaji. Zingatia kwamba ukatili wa akili umeandikwa pale. Si lazima uwe na kovu. Yule jamaa wetu aliyeachwa miaka minne na mke aliyehama na fundi wa pikipiki ana sababu mbili tayari. Kesi inapelekwa kwa hakimu, na kwa mtu wa Uriri hiyo kwa kawaida ni korti ya Migori. Huhitaji barua ya pasta. Kifungu cha 64 kinasema mnaweza kutafuta upatanisho kwa kanisa mlikofungia ndoa. Neno ni mnaweza. Halisemi ni lazima.

Mali nayo usidanganywe na watu wa baa kwamba unatoka na nusu kwa nusu. Hapana. Januari hiyo hiyo ya 2023 Mahakama ya Juu ilisema kila mtu anapata kulingana na mchango wake, na mchango unathibitishwa. Lakini Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima kama mchango. Kwa hivyo kama umepalilia miwa inayokwenda Awendo miaka nane, au umechoma mikono kwa majiko ya kukausha tumbaku, hiyo ni kitu. Weka risiti za mbolea. Weka meseji za malipo. Shida yetu huku ni shamba: mara nyingi title bado iko kwa jina la babu, na ardhi ya ukoo inayoshikiliwa kimila haihesabiwi mali ya ndoa. Nyumba mliyojenga pamoja juu ya hilo shamba ndiyo huleta kesi ndefu. Watoto ni mzigo wa wote wawili, ndoa iwepo isiwepo, Katiba imesema hivyo kwa kifungu cha 53.

Haya yote ni ya karatasi. Ukitoka kortini na talaka mkononi, bado kuna korti nyingine inakungoja, na hiyo haina hakimu. Ni dala.

Kwa Wajaluo, ng'ombe wakishavuka, mwanamke ni wa lile boma. Hakimu wa Migori anaweza kusema ndoa imeisha, wazee wa boma watauliza ng'ombe wamerudi? Kama hawajarudi, kwao wewe bado ni mke wa kwao. Ukifa watakuja kuchukua mwili, wakukuchimbie kaburi kwa boma la mtu ambaye uliwahi kumkimbia usiku ukiwa umebeba mtoto mgongoni. Na kwenu je? Binti aliyeolewa akarudi, mila inasumbuka pa kumweka. Hajengewi ndani ya boma la baba kama kaka zake wanavyojenga simba zao, na akifa mara nyingi anazikwa nje ya ua au pembeni. Kuna ndugu watakaokuambia hivyo ukiwa hai, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayekupangia mahali pa kulala.

Hapa ndipo nafikiri kanisa limefanya kosa kubwa kuliko la kusoma nusu ya Malaki. Kwa sababu wakati mama anasema anaogopa kutoka, mara nyingi hamuogopi Yesu. Anaogopa kutokuwa na pa kuishi na pa kuzikwa. Kanisa lina uwezo wa kusema kitu hapo. Lilikuwa na nguvu ya kubishana na mila kuhusu kurithi wajane, likabishana. Lilibishana na pombe ya mazishi. Lakini ikija kwa ng'ombe na mke aliyekimbia, mzee wa kanisa anavua ile kofia ya kanisa na kuvaa ya ukoo, halafu anaiita Biblia. Ukimsikiliza vizuri utajua ni kofia gani ameivaa. Akikuambia ndoa ni agano mbele za Mungu, hiyo ni ya kanisa, mnaweza kuongea. Akikuambia sasa watu watasema nini na ng'ombe walishaliwa, hiyo si theolojia, hiyo ni hesabu ya mifugo.

Si kusema kila ugomvi ni wa kutoka nduki. Kuna ndoa zimekwama kwa madeni, kwa simu, kwa mama mkwe, kwa mtu kunyamaza wiki mbili mfululizo. Hizo vikao husaidia, na kuna wazee wa busara huku ambao wameokoa nyumba nyingi kwa kikombe cha chai na maswali mawili. Kikao kina maana pale watu wawili wanaweza kusema ukweli bila mmoja kuogopa kurudi naye nyumbani. Ukiwa na hofu hiyo, kikao ni hatari. Utasema kile anachotaka usikie umesema, wazee wataomba, mtapewa mistari, halafu mtatembea wawili gizani kurudi kejani, na utalipia kila neno ulilosema. Kwa hivyo una haki ya kukataa kuketi naye chumba kimoja. Waambie wazee wakusikize peke yako, au uende na kaka, shangazi, mtu wako. Kama ni pasta mwenye nia njema ataelewa. Na kama wewe ndiye mzee wa kanisa unasoma hii, jaduong, kwa heshima zote, swali lako la kwanza lisiwe amekosa nini. Liwe umelala wapi jana.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Kwa kanisa lenye wamama 30, hapo ni kama 10, na wote wamevaa leso safi na wanaimba Ekwueme.

Kwa yule ambaye bado anaamini kabisa kwamba talaka ni dhambi, na sitaki kukutoa kwa imani yako, kuna njia ambayo haigusi ndoa yako hata kidogo. Inaitwa amri ya ulinzi, iko kwa Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Unaomba kortini, au mtu mwingine anaomba kwa niaba yako. Hakimu anaweza kumzuia mtu asikuguse, asikufuate, hata atoke kwa nyumba. Inahesabu pia vitisho, matusi ya kukuvunja na kunyimwa pesa. Haiulizi kama mna cheti, kwa hivyo hata come-we-stay inaingia. Wanaume pia wanaweza kuomba, na wako wanaohitaji, hata kama baze watawacheka. Ndoa yako inabaki vile ilivyo mbele za Mungu, tofauti ni kwamba unalala.

Ukipigwa leo, nenda hospitali kwanza kabla ya kuosha chochote. Usianze na kikao. Mwambie daktari ukweli, usiseme ulianguka kisimani, kwa sababu ile rekodi ndiyo itaongea baadaye. Stesheni, hakikisha wameandika, uondoke na namba ya OB, na uitishe fomu ya P3 ijazwe na daktari. Wakikuambia hayo ni mambo ya nyumbani mkamalizane, piga 1195. Ni bure, mchana na usiku, ni laini ya kitaifa ya visa vya ukatili wa kijinsia. Kitambulisho, cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, viweke kwa mfuko mmoja kwa mtu unayemwamini, jirani au dada yako, lakini si kwa boma lile lile. Na amri ya korti ikishatoka, peleka nakala moja stesheni iliyo karibu nawe, nyingine mpe chifu, ile ya tatu ukae nayo kwa mfuko wa nguo unayovaa.